Dhahabu ya Barabara Mbovu

Barabara inayotoka Maskati ya zamani kuelekea Al Bustan hupita Sidab, kijiji cha wavuvi kilichobanwa baina ya majabali na bahari, na mpenzi wa mbio za magari akiitazama vizuri ataona mara moja kwamba ingefaa. Ina kona, ina mpando na mteremko, ina jabali upande mmoja na maji upande wa pili. Watkins Glen, mji mdogo wa jimbo la New York ambako mbio za magari ya michezo za Marekani zilianza upya baada ya Vita Kuu ya Pili, haukuwa na zaidi ya hayo mwaka 1948: barabara za kawaida za mji na mashamba, reli inayokatiza njia, daraja la mawe, na watu wamejipanga mbele ya maduka. Tofauti ni kwamba Watkins Glen ina zilipendwa zake na Sidab haina. Sultan Qaboos alipoingia madarakani Julai 1970, Oman nzima ilikuwa na lami ya kilomita 10 hivi. Enzi za baba yake, Sultan Said bin Taimur, mtu hakumiliki gari bila idhini ya Sultan mwenyewe. Malango ya Maskati yalifungwa usiku, na aliyetembea mjini baada ya hapo alitakiwa awe na taa mkononi. Mwaka 1966, Wamarekani walipoanzisha mashindano ya Can-Am, ambayo mashabiki wao hadi leo huyaona kuwa ndiyo kilele cha mchezo, mtu wa Sidab aliyekuwa na safari aliiendea kwa mashua, kwa punda au kwa miguu.

Hata hivyo Maskati hiihii ina watu wenye zama zao za dhahabu za mbio za magari, na huzisimulia kwa Kiswahili. Ni wale waliozaliwa au kukulia Unguja, Pemba, Mombasa, Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, wakaja Oman baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na wengi zaidi baada ya 1970 serikali mpya ilipowaita Waomani wa ng'ambo warudi kujenga nchi. Walikuja na vyeti vyao vya shule na Kiingereza chao, wakaingia kwenye kampuni ya mafuta, hospitalini, polisi na wizarani. Wapenda magari miongoni mwao walikuja pia na majina ya madereva Joginder Singh, Shekhar Mehta na Bert Shankland, na kumbukumbu ya wikendi za Pasaka za Safari Rally ambazo redio haikuzimwa mpaka ijulikane nani amefika na nani amekwama. Kwa hiyo hapa tuna mji ambao haukuwahi kuwa na zama hizo, na ndani yake watu wanaozililia. Nadhani mahali kama hapo ndipo pazuri pa kuipimia hamu hii ya kale, kwa sababu pana upande wa kulinganisha nao. Hoja ninayoitetea ni kwamba zama za dhahabu za mbio za magari, ziwe za Marekani au za Afrika Mashariki, zilikuwa ni kile kipindi kifupi baina ya kuja kwa gari na kuja kwa barabara njema yenye watu wengi na kanuni zake. Wanaozililia wanajua sawasawa walichopoteza. Wanapokosea ni pale wanapomtafuta aliyewanyang'anya.

Tuanze na Wamarekani, maana wao ndio walioigeuza hamu hii kuwa biashara kubwa. Chama chao cha magari ya michezo, SCCA, kiliundwa mwaka 1944 na watu waliokuwa na pesa na nafasi. Miaka minne baadaye mwanafunzi wa sheria, Cameron Argetsinger, alichora njia ya mashindano kuzunguka Watkins Glen, na barabara ikafungwa kwa ajili ya mbio. Miji mingine ikafuata: Elkhart Lake katika jimbo la Wisconsin na Pebble Beach katika jimbo la California, yote miwili mwaka 1950. Watazamaji walisimama hatua chache tu kutoka kwenye magurudumu. Mwaka 1952 gari moja liliwavamia watu katikati ya mji wa Watkins Glen, likamuua mtoto wa miaka 7. Kuanzia hapo mambo yakaenda mbio kuliko magari yenyewe. Jenerali Curtis LeMay wa jeshi la anga alifungulia chama viwanja vya ndege za kivita ili mbio zisikose pa kufanyikia, na kwa miaka michache mashindano yakahamia kwenye zege tambarare lisilo mti wala nyumba. Halafu kila mji ukajenga saketi yake: Road America ya Elkhart Lake ilifunguliwa 1955, ya Watkins Glen 1956, na Laguna Seca, iliyorithi mbio za Pebble Beach, 1957. Miji mitatu iliyoko mbalimbali, na ndani ya miaka mitatu yote imefikia jibu moja. Jambo kama hilo halielezeki kwa tabia ya mtu fulani mwoga au mwanasheria fulani mkorofi. Barabara ya mji ilikuwa imekwisha kuwa na wenyewe wengi mno.

Mtu anaweza kuniambia kuwa Can-Am, ambayo ndiyo hasa inayoliliwa, ilikimbizwa ndani ya saketi, wala haikuwa na uhusiano na barabara za mji. Ni kweli, na ndiyo maana nimetaja kanuni pamoja na barabara. Can-Am ilitaka gari liwe na viti viwili na magurudumu yaliyofunikwa. Zaidi ya hapo mhandisi aliachiwa karibu kila kitu. Jim Hall wa Texas aliweka bawa refu juu ya Chaparral yake mwaka 1966, na mwaka 1970 akaleta gari lenye feni zinazofyonza hewa chini yake ili lishikamane na ardhi, ambalo lilipigwa marufuku upesi. Timu ya Bruce McLaren ilichukua ubingwa mara tano mfululizo, 1967 hadi 1971, lakini yeye mwenyewe alifariki Juni 1970 akilijaribu gari la mashindano hayo huko Goodwood, Uingereza. Kisha Porsche wakaja na fedha zao. Mwaka 1973 Mark Donohue aliendesha 917/30 yenye nguvu za farasi zaidi ya 1,000, na wengine wakabaki kupigania nafasi ya pili. Oktoba ya mwaka huohuo nchi za Kiarabu zilifunga mafuta, na mwaka uliofuata Can-Am ya awali ikafa. Kwa hiyo pengo lililokuwa barabarani mwaka 1948 lilihamia kwenye kitabu cha kanuni, likakaa humo miaka michache, likazibwa. Palipokuwa bado hapajaamuliwa kitu, ndipo dhahabu ilipopatikana.

Safari Rally inaonesha jambo hilohilo kwa kiwango kikubwa zaidi, kwa sababu pengo lake lilikuwa na upana wa nchi tatu. Ilianza 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Waasisi wake hawakuona utamu wa kuzungukazunguka kiwanjani ilhali bara zima liko wazi mbele yao. Njia ilikuwa na maelfu ya kilomita, ikienda usiku na mchana, kutoka joto la pwani hadi baridi ya milimani, juu ya barabara zilezile walizopita watu na ng'ombe wao. Ikinyesha, udongo mweusi wa tambarare hugeuka gundi. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka na 7 tu ndiyo yaliyomaliza. Mwaka 1968 yaliondoka 93, na kwa mara ya pili yakamaliza 7. Miaka yote miwili walioshinda ni Nick Nowicki na Paddy Cliff, wakiwa na Peugeot 404. Ukilitazama kwa karibu gari la Safari la miaka ya 1970 utaiona barabara yenyewe imechorwa juu yake: mabomba mazito mbele kwa ajili ya mnyama atakayeruka usiku, bomba la hewa lililopandishwa hadi usawa wa paa ili injini isinywe maji ya mto, taa zilizopachikwa pembeni na kuwashwa hata mchana, zionekane na anayekuja kwenye vumbi, na kwa baadhi ya magari, vishikio na kikanyagio nyuma, ili msoma ramani ashuke, adandie, uzito wake uyasukumize magurudumu kwenye tope. Hicho kikanyagio ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Hakuna mhandisi wa saketi atakayekifikiria.

Mshindi wa 1965 anastahili kutazamwa peke yake, maana kwa Waswahili wengi hadithi ya Safari huanza na yeye. Joginder Singh alizaliwa Kericho mwaka 1932, akakua kuwa fundi na dereva, watu wakamwita Singasinga Arukaye. Mwaka ule, yeye na ndugu yake Jaswant waliingia na Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya: ilikuwa imetumiwa na timu ya Volvo kwenye Safari ya mwaka uliotangulia, nao wakainunua ilivyo na kuitengeneza wenyewe. Walimwacha aliyewafuata kwa zaidi ya saa nzima. Joginder alishinda tena 1974 na 1976, mara hizo akiwa na Mitsubishi Lancer, na ushindi huo uliijengea jina kampuni ambayo wengi hapo kabla hawakuijua. Shekhar Mehta naye, mzaliwa wa Uganda, alifukuzwa nchini mwake na Idi Amin mwaka 1972 pamoja na Wahindi wengine, na Pasaka iliyofuata akashinda Safari kwa Datsun 240Z. Yeye na Harry Källström wa Sweden walimaliza wakiwa na adhabu sawasawa, ikabidi waangaliwe nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Kuanzia 1979 hadi 1982 Mehta alishinda mara nne mfululizo. Kijana wa Mombasa au wa Forodhani aliyewasikia redioni hakuwa akisikiliza habari za watu wa sayari nyingine. Walikuwa watu wa mitaa aliyoijua, wenye maduka na gereji alizoweza kuzitaja.

Na magari yao pia yalikuwa ya mtaani. Volkswagen ndogo ya mviringo ilishinda katika miaka ya mwanzo, kisha Peugeot 404 ikashinda 1963, 1966, 1967 na 1968, mara mbili kati ya hizo ikiendeshwa na Bert Shankland kutoka Tanganyika ya zamani, ambayo wakati huo ilikwisha kuwa Tanzania. Baadaye Peugeot 504 ikawa ndiyo gari la abiria wa masafa marefu Kenya nzima, watu tisa na mizigo juu. Aliyepanda humo kwenda Nakuru alijua kuwa gari la aina hiyo liliwashinda Wazungu wa viwandani, na dereva wake hakumwacha asahau. Hapa ndipo ilipo thamani halisi ya kipindi kile, na sioni aibu kuitetea: mashindano yalipita mlangoni kwa mtu, juu ya barabara aliyoijua shimo kwa shimo, kwa gari ambalo jirani yake angeweza kulinunua, na mshindi alikuwa na anwani inayojulikana. Mtazamaji alikuwa hakimu mwenye ujuzi. Alijua mto upi umefurika jana. Mara nyingi ndiye aliyelisukuma gari likatoka topeni, na hakuhitaji tiketi kwa kazi hiyo. Mambo haya yamekwenda kweli, na anayesema hayakuwahi kuwapo hakuuelewa mchezo.

Yalikwendaje? Simulizi ya kawaida ina wabaya watatu: fedha za viwanda, waandishi wa kanuni wa Ulaya, na teknolojia. Kila mmoja ana sehemu yake. Mwaka 1972 Hannu Mikkola wa Finland alikuwa mgeni wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda, akiwa na Ford Escort, na mwaka uliofuata Safari ikaingizwa kwenye ubingwa wa dunia. Katika miaka ya 1980 timu kubwa ziliweka helikopta angani kumtangulia dereva na kumwonya kuhusu lori au kundi la ng'ombe. Hilo lenyewe ni ungamo: barabara ilikuwa imejaa watu kiasi kwamba ili kwenda mbio juu yake ulihitaji jicho la angani. Mipaka nayo ilifanya kazi yake. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 njia ilibaki ndani ya Kenya, kwa kuwa Uganda ilikuwa mikononi mwa Amin na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa njiani kuvunjika, ikavunjika 1977. Mwishowe, baada ya mashindano ya 2002, Safari ikaondolewa kwenye ratiba ya dunia. Lakini tafuta chini ya sababu zote hizo utakuta moja inayozibeba: mwaka 1953 barabara ya Nairobi–Kampala ilipitiwa na magari machache, miaka hamsini baadaye ilikuwa na matatu, malori ya kontena, bodaboda, watoto wa shule na wauza viazi. Mbio za barabara wazi ziliwezekana kwa kuwa barabara haikuwa na watu. Aliyeziua ni jirani aliyepata gari.

Hapa ndipo pingamizi zito la kwanza linapoingia: kwamba nimeliona jambo upande wa barabara tu, ilhali wapenzi hulilia mashine, yaani mlio wa injini, umbo la bati lililokunjwa kwa mkono, harufu ya mafuta. Lingekuwa kweli, ugonjwa ungekwisha pona, kwa sababu mashine zipo. Tangu 1974 magari ya kale hukusanywa Laguna Seca kila mwaka na kukimbizwa. Yanang'aa kuliko yalivyong'aa yakiwa mapya. Tangu 2003 East African Safari Classic inapeleka Porsche 911 na Ford Escort za kale kwenye vumbi la Kenya na Tanzania. Mlio ni uleule, vumbi ni lilelile. Wanaokwenda hufurahi, na wakirudi huendelea kusema kwamba zamani ilikuwa bora. Kinachokosekana basi hakimo ndani ya gari. Porsche ya kale leo ni mali ya tajiri anayeweza kuisafirisha kwa kontena pamoja na mafundi wake. Hata ipite mlangoni kwako kwa mlio mtamu namna gani, hutasema ni ya jirani. Mashine imehifadhiwa, uhusiano haukuhifadhiwa, wala hauhifadhiki.

Pingamizi la pili linauma zaidi: dhahabu hiyo ilikuwa ya nani? Coronation Safari ya kwanza ilikimbizwa Mei na Juni 1953, miezi saba hivi tu baada ya kutangazwa Hali ya Hatari nchini Kenya. Siku zilezile walowezi walipokuwa wakikata nchi tatu kwa mchezo, Mgikuyu hakuruhusiwa kutembea apendavyo ndani ya nchi yake. Miaka mingi ya mwanzo orodha ya madereva ilikuwa ya Wazungu na Wahindi. Mwafrika alikuwa fundi, mtazamaji na msukumaji. Wakenya Waafrika kama Patrick Njiru walipokuja kujulikana kwa Subaru, mchezo ulikuwa umekwisha kuwa wa viwanda, na gharama ya kuingia imepanda kupita kimo cha mtu wa gereji. Haya siyakatai hata chembe, na yanaipa nguvu hoja yangu. Ili barabara iwe kiwanja cha wachache, lazima wengine wazuiwe kuitumia, ama kwa sheria ama kwa umaskini. Kenya ya 1953 ilizuia kwa kipande na askari. Oman ya Sultan Said ilizuia kwa ruhusa moja moja. Marekani ya 1948 haikuzuia kwa namna hiyo, lakini kufunga mji mzima siku nzima kwa ajili ya vijana wenye magari ya Kizungu ya bei mbaya kulidai mji unaokubali kwamba siku hiyo barabara si yake. Uhuru wa barabara ulikuwa mkubwa kwa sababu wenye uhuru huo walikuwa wachache.

Wapo watakaosema: basi, si Safari imerudi? Imerudi, na kwa kishindo. Juni 2021 ubingwa wa dunia ulirejea Kenya baada ya miaka 19, kambi ikawekwa Naivasha, Sébastien Ogier akashinda kwa Toyota, na watu walijaa mabondeni kama ambao hawakuwahi kuondoka. Mwaka 2022 na 2023 Toyota ilichukua nafasi nne za kwanza. Ni mashindano mazuri, na ninawaonea wivu walioyatazama. Lakini vipande vyake vya mbio mwaka 2021 vilikuwa kilomita 320 hivi kwa jumla, vingi ndani ya mashamba makubwa na hifadhi zilizofungwa, wakati Safari ya kale ilikuwa na maelfu ya kilomita barabarani. Dereva wa leo huingia kwenye kipande, hutoka, hurudi kwa mafundi. Haendi popote. Hilo si kosa la waandaaji. Hakuna waziri mwenye akili timamu atakayeruhusu gari la mashindano lipite sokoni Mtito Andei saa nne asubuhi. Urejeo huu unathibitisha kwamba mapenzi hayajafa. Kwamba zama zimerudi, hauthibitishi. Mehta mwenyewe, bingwa mara tano wa barabara wazi, baadaye alikuwa mkuu wa kamisheni ya rali ya FIA, chombo kinachosimamia kanuni za kufunga barabara hizo. Sioni unafiki hapo. Aliyepita kwenye kona mara nyingi kuliko wote ndiye aliyejua vizuri nani anaweza kuwa amesimama nyuma yake.

Turudi Oman, kwenye upande wa kulinganisha. Nchi hii iliruka lile pengo. Ndani ya kizazi kimoja ilitoka kwenye kilomita 10 za lami hadi maelfu kwa maelfu, na gari likawa la kila mtu karibu siku moja na barabara. Hapakuwa na miaka ishirini ya barabara mbovu yenye magari machache ambamo shujaa wa gereji angezaliwa. Badala yake ilipata magari mengi, barabara nzuri na kasi, na ikalipa: mwaka 2012 watu zaidi ya 1,000 walifariki barabarani katika nchi yenye wakazi wasiofika milioni 4. Kamera za kasi na sheria kali zilifuata, vifo vikapungua sana, na kijana anayetaka kushindana akaelekezwa kwenye viwanja vya Chama cha Magari cha Oman au kwenye rali zenye leseni. Bingwa aliyetokana na mfumo huo ni Ahmad Al Harthy, mzaliwa wa Maskati wa mwaka 1981, ambaye ilimbidi aende Uingereza kujifunza kazi. Mwaka 2017 alitwaa ubingwa wa Pro-Am wa mbio za masafa za Blancpain akiwa na Jonny Adam ndani ya Aston Martin. Mwaka 2023 timu yake ilikuwa ya pili katika daraja lake kwenye saa 24 za Le Mans. Mwaka 2024 aliendesha BMW pamoja na Valentino Rossi, yule wa pikipiki. Ni mafanikio ambayo Joginder hakuyafikia. Na bado mtu wa Sidab anayajua kupitia skrini. Al Harthy hajapita mbele ya mlango wake akiwa kazini, wala gari lake haliuzwi mahali ambapo mvuvi hununua gari. Kijiji kikitaka ubingwa wa kuushika mkononi kina klabu yake ya Ahli-Sidab, yenye mpira wa mikono na hoki, michezo ambayo mchezaji wake ni mtoto wa nyumba ya tatu.

Ningeishia hapo kama Oman ingekuwa lami tupu. Haiko hivyo. Saa kadhaa kutoka Maskati, kwenye mchanga wa Sharqiyah huko Bidiya, madereva hushindana kupanda kilima cha mchanga kwa magari, na ukizipima sifa za zama za dhahabu moja baada ya nyingine, zote ziko pale. Gari ni Nissan Patrol au Land Cruiser, aina ileile iliyoegeshwa nje ya msikiti siku ya Ijumaa, ingawa injini imefanyiwa mambo na tairi zimepunguzwa upepo. Fundi ni binamu wa dereva. Watazamaji wako karibu kuliko inavyopaswa, wanajua mchanga wa asubuhi na wa jioni unavyotofautiana, na hutoa hukumu kabla gari halijafika nusu. Njia iko wazi kwa sababu hakuna anayeishi juu ya kilima cha mchanga, hakuna soko, hakuna shule. Pengo ambalo lami ililiziba mjini limebaki jangwani, na mchezo umelifuata huko, kama ulivyolifuata kwenye viwanja vya ndege vya Jenerali LeMay. Litazibwa pia. Patakuja kamba ya kuwazuia watu, daktari, kofia ya lazima, bima na mdhamini mwenye hema, na inafaa vije kabla ya msiba wala si baada yake. Miaka thelathini kutoka sasa patakuwa na mtu atakayesema kwamba mdhamini ndiye aliyeua Bidiya. Kwa leo, lakini, anayetaka kuona Safari ya 1965 ilivyokuwa hahitaji kontena wala Porsche ya kale. Ajaze petroli tu aende. Huenda kikwazo pekee ni kwamba wanaofanya mchezo huo ni wajukuu wa walewale wanaomlilia Joginder, na babu akiambiwa kijana yuko Bidiya jibu lake la kwanza ni kuuliza nani amelipia mafuta.